Mjomba, gari lenyewe halizimwi. Nilinunue?

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, muuguzi, mama wa watoto wawili. Tangu nikiwa msichana nageuza shingo kila gari la michezo likipita, na mwaka huu nimejiambia basi, zamu yangu imefika. Nimedunduliza miaka minne. Mume wangu ananicheka, ila si kwa ubaya.

Nililolipata ni Mazda RX-8 ya mwaka 2006, gia sita za mkono, kilomita 92,000 kwenye dashi. Nimelipenda kwa sura, na kwa kuwa lina milango minne: ile miwili ya nyuma ni midogo na inafunguka kinyume, lakini watoto wanaingia. Na nisikufiche, bei imenivuta. Ni rahisi mno ukilinganisha na magari mengine ya umbo hilo.

Nimekwenda kulitazama mara mbili. Muuzaji ni kijana mstaarabu, ananiita dada, hanisukumi. Mara zote mbili nimelikuta linanguruma nje, ameshaliwasha. Anasema alilipasha moto ili nisipoteze muda. Tukalizunguka, tukafungua boneti, tukaenda mzunguko wa kama dakika kumi, tukarudi, tukasimama kuzungumza, na muda wote huo linanguruma tu. Halikuzimwa hata mara moja. Wala sikuona ajabu mpaka mume wangu aliponiuliza, "Linawakaje?" nikakosa jibu.

Aliyoniambia yamenipa moyo. Oili haipungui hata tone. Mkanda wa taimingi aliubadilisha mwaka jana, kwa hiyo sitahangaika nao karibuni. Ameweka starta mpya, betri mpya na koili mpya, ingawa risiti anayo ya koili tu. Taa ya injini haiwaki. Matairi ya mbele ni mapya; ya nyuma ni ya kampuni nyingine na yamelika upande wa ndani. Kaka yangu alinipa sumaku nipime puti: ikashika vizuri mlango wa dereva, lakini boneti ikaikataa kabisa, na ile milango midogo vilevile. Kaka anasema hilo gari limegongwa likajazwa puti. Muuzaji anaapa halijagongwa.

Fundi wetu wa siku zote, anayetengeneza gari la nyumbani, yuko tayari kuja kupima kompresheni kwa geji yake. Muuzaji anataka kishika uchumba kabla ya Jumamosi, eti kuna mtu mwingine analitaka. Nitoe?

Mpwa wako,
Aliyekwisha Kupenda

*

Marahaba, mpwa wangu.

Usitoe. Sisemi usilinunue, nasema usitoe kitu kabla hujalisikia likiwashwa mara mbili, moja likiwa la baridi kabisa na moja likiwa la moto. Mumeo, pamoja na kicheko chake, ameuliza swali kubwa kuliko yote uliyouliza wewe na kaka yako na sumaku yenu. Mpikie anachokipenda.

Nianze na mkanda wa taimingi, maana nilipofika hapo niliweka barua yako chini nikacheka peke yangu. RX-8 haina mkanda wa taimingi, na usidhani ina mnyororo badala yake. Haina vyote viwili. Kazi ya mkanda huo ni kuunganisha krenki na kamshafti ili vali zifunguke na kufunga kwa wakati wake, na injini hii haina kamshafti, haina vali, wala haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani mna rota mbili, kila moja kama pembetatu yenye mbavu zilizotuna, inazunguka ndani ya chumba chenye umbo la namba 8 iliyonenepa kiunoni. Hewa inaingia na moshi unatoka kupitia matundu ambayo rota yenyewe huyafunika na kuyafunua inapopita. Hapana cha kufungiwa mkanda wa taimingi.

Sasa tusimhukumu kijana wa watu haraka. Nje ya injini ipo mikanda ya kawaida, ya altaneta na pampu ya maji, na huenda fundi alibadilisha huo akaupa jina kubwa, na akamlipisha kwa jina hilo. Huenda pia anakudanganya. Huenda ni mtu anayerudia maneno yanayosemwa na kila muuza magari. Kwako wewe yote matatu yana uzito mmoja: huyu hajui kilichomo ndani ya gari lake, na RX-8 ni gari linaloharibiwa na mwenye kutolijua kuliko linavyoharibiwa na mwenye kulikimbiza.

Ndiyo maana hilo la oili limenitisha zaidi. "Haipungui hata tone" ni sifa nzuri kwa gari lenu la nyumbani. Kwa RX-8 ni dalili mbaya. Injini hii imeundwa kula oili: kuna pampu ndogo inayochota oili na kuidondosha ndani ya vyumba vya rota ili kulainisha sili za pembeni mwa rota, yaani vile vipande vya kuziba vinavyosugua ukuta wa chumba saa zote. Oili hiyo inaungua na kwenda na moshi. Kwa hiyo lazima ipungue. Kama kweli haipungui, ama pampu hiyo au midomo yake ya kudondoshea imeziba na sili zinasugua pakavu, ama kijana hajawahi kuvuta kijiti cha oili akatazama. Nadhani ni hilo la pili, maana wenye kulijua gari hili huvuta kijiti takriban kila wanapojaza tanki mara mbili, na wana chupa ya oili kwenye buti kama mama mchanga alivyo na nepi. Ukifungua buti lake, itafute chupa hiyo. Sitanii.

Haya, tuje kwenye kuzima.

Sili hizo za rota zikichakaa, injini hupoteza kompresheni, yaani haiwezi tena kubana hewa na mafuta sawasawa. Ikiwa baridi hali hiyo inaweza kujificha, kwa kuwa oili bado nzito inasaidia kuziba pengo. Ikipata moto, oili inakuwa nyepesi kama maji, pengo linabaki wazi, na ukiizima kisha ukajaribu kuiwasha baada ya dakika kumi, starta inapiga, inapiga, inapiga, na injini haishiki. Au inashika baada ya sekunde nyingi huku ikikohoa. Hiyo ndiyo dalili maarufu kuliko zote ya RX-8 iliyochoka, na kila mwenye RX-8 iliyochoka anaijua vizuri. Mtu wa namna hiyo akipata mgeni wa kununua hufanya nini? Halizimi.

Sijasema huyu wako ndivyo alivyo. Kuna sababu moja ya heshima ya kutolizima: RX-8 ikiwashwa ikiwa baridi na kuzimwa papo hapo, petroli hubaki imejaa ndani, plagi zinalowa, na safari inayofuata inakataa kuwaka. Mwenye kulijua gari hulisubiri lipate moto kwanza. Lakini wewe umerudi kutoka mzunguko wa dakika kumi, limeshapata moto, mmesimama mnazungumza, na bado hakuzima. Sababu ya heshima iliishia hapo.

Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa hivyo, miaka ambayo nywele zangu bado zilikuwa nyeusi. Si gari la aina hii, na aina yake naiacha. Nililikuta lina moto, nikaambiwa maneno yaleyale ya kutopoteza muda wangu, nikaona jamaa ana adabu kweli. Asubuhi ya kwanza nyumbani kwangu lilitoa moshi wa buluu ukafunika kamba nzima ya nguo za jirani. Tangu hapo, gari lolote nikilikuta lina moto naaga, nasema nitarudi kesho.

Kwa hiyo mpigie simu leo. Mwambie unataka kulikuta halijawashwa tangu usiku, na ukifika weka kiganja kwenye boneti kabla hujaamkiana naye. Likiwa vuguvugu, rudi nyumbani. Likiwa baridi, fungua boneti kwanza kabla ya kuwasha. Vuta kijiti cha oili. Fungua kifuniko cha maji ya rejeta, uangalie rangi na kiasi. Saa hiyo ya ubaridi ndiyo saa pekee ya kukifungua bila kuungua. Ndipo awashe, na wewe simama nyuma kwenye sailensa. Mzunguko wa injini utapanda juu kuliko ulivyozoea na utasikia mlio kama wa mashine ya kufyonza vumbi. Ni pampu ya hewa inayosaidia kupasha mfumo wa moshi, usishtuke. Moshi kidogo unaopotea upesi hauna neno. Moshi mweupe mzito unaoendelea, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoingia ndani kupitia sili za ndani za injini, na hapo mazungumzo yamekwisha. Tazama tena chupa ya maji injini ikiwa inanguruma. Mapovu yakipanda mfululizo, maana yake ni ileile.

Kisha mwende mwendo wa kweli, si dakika kumi. Nusu saa hivi. Injini ikishapata moto, liache lifike juu kwenye mzunguko kwa gia ya pili au ya tatu, mahali salama. Lenye gia sita kama lako limeruhusiwa mpaka 9,000 kwa dakika, na halipaswi kuishiwa pumzi njiani. Usiogope ile namba. Inayozunguka 9,000 ni shafti, rota zenyewe zinakwenda theluthi yake. Likipanda vizuri mpaka 5,000 au 6,000 kisha likawa kama limekabwa koo, fikiria katalisti, lile bomba nene la kusafisha moshi lililo chini ya sakafu.

Na hapa ndipo koili zake mpya zinapoingia. Gari hili lina koili nne, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi ili petroli iwake, na plagi nne, mbili kwa kila rota, na koili zake huchoka mapema. Zikichoka, petroli isiyoungua inakwenda kuunguzwa ndani ya katalisti, katalisti inapata moto kupita kiasi, inayeyuka na kuziba, joto linarudi kwenye injini, na sili zile za rota zinamalizika. Ni mnyororo mmoja, na unaanza na kifaa kidogo. Kwa hiyo koili mpya zenye risiti ni jambo jema, namsifu. Ila itazame tarehe ya risiti, umuulize gari lilikuwa na tabia gani kabla ya kuzibadilisha, na lilitembea hivyo kwa muda gani. Kama katalisti imeondolewa kabisa, uliza ilikuwaje ikaondolewa. Wengine huiondoa kwa ajili ya sauti tu. Wengine huiondoa kwa sababu ilishayeyuka.

Starta mpya na betri mpya vinanikera kidogo. Kimoja kimoja ni matengenezo ya kawaida. Vyote viwili kwa pamoja, kwenye gari ambalo mwenyewe halizimi, vinanuka mtu aliyekuwa anapigana na injini isiyotaka kushika. Starta yenye nguvu inazungusha injini haraka, na injini iliyozungushwa haraka hushika hata ikiwa dhaifu. Inaweza kukununulia miezi kadhaa. Baada ya hapo miezi inakwisha, na gari ni lako.

Basi mkirudi, liwe na moto wote, mwambie azime. Mwambie kwa upole, "Kaka, hebu zima." Msubiri dakika kumi, zungumzeni habari za watoto. Halafu uwashe wewe mwenyewe, mguu ukiwa mbali na pedali ya mafuta. Injini nzima hushika ndani ya sekunde moja mbili. Rudia mara ya pili. Kama akikataa kuzima, au akiwa na hadithi, umeshajibiwa.

Fundi wenu mshukuru, ila geji yake asije nayo. Geji ya kawaida ya kompresheni imeundwa kwa silinda: inapokea mbano, inaushika, sindano inabaki pale pale juu. Rota moja ina nyuso tatu, na kila uso una mbano wake. Geji ya fundi wako itakuonyesha ule wenye nguvu kuliko wenzake na kukuficha dhaifu wawili, naye atakwambia kwa nia njema kabisa kwamba injini iko salama. Unahitaji kipimo maalumu cha injini za rota, na mtu anayejua kukisoma. Utoke pale na tarakimu sita, tatu kwa kila rota, pamoja na kasi ambayo starta ilikuwa inazungusha wakati wa kupima, maana tarakimu zote hurekebishwa ziwe kana kwamba zilipimwa kwenye mizunguko 250 kwa dakika. Bila marekebisho hayo ile starta mpya inazipamba. Kipimo kinafanywa injini ikiwa na moto na betri ikiwa imejaa.

Zisomwe hivi: injini mpya huwa karibu na kPa 830 (kPa ni kipimo cha mbano), na kiwango cha chini cha mtengenezaji ni kPa 680. Tofauti kati ya nyuso tatu za rota moja isizidi 150, na kati ya rota na rota isizidi 100. Ukiona tano ziko 760 na ya sita 620, usikubali kuambiwa wastani ni mzuri. Ile moja ndiyo injini yako.

Najua utajiuliza kwa nini gari lenye uzuri ule ni rahisi hivyo. Ni kwa sababu hiihii. Kule Amerika Kaskazini, Mazda yenyewe ililazimika kurefusha dhamana ya kiini cha injini kwa RX-8 za 2004 hadi 2008 mpaka miaka 8 au maili 100,000. Soko linajua, na bei imeshuka kwa kujua huko. Ila usije ukaambiwa na wajuzi wa kijiweni kwamba injini ya rota ni takataka. Mazda waliiweka barabarani tangu Cosmo Sport ya 1967, na mwaka 1991 gari lao la 787B, lenye rota nne, lilishinda mbio za magari za saa 24 za Le Mans. Inafanya kazi. Inadai mazoea yake tu, na wengi wanaolinunua kwa mkono wa pili au wa tatu hawakuambiwa mazoea hayo.

Taa ya injini. "Haiwaki" yako ina maana gani? Ukifungua swichi kabla ya kupiga starta, taa hiyo lazima iwake pamoja na wenzake, halafu izime injini ikishika. Kama haiwaki hata hapo, kuna mkono umeichomoa au umeiziba. Na hata ikiwaka na kuzima vizuri, njoo na kile kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, usome siyo makosa tu bali pia kama majaribio ya ndani ya mfumo yamekamilika. Yakionyesha mengi hayajakamilika, kumbukumbu imefutwa siku chache zilizopita, au betri imechomolewa. Na hapo utaikumbuka betri mpya.

Kaka yako sasa. Mwambie sumaku yake haikukosea, ila yeye kaisoma vibaya. Boneti ya RX-8 na ile milango midogo ya nyuma ni ya alumini, na sumaku haishiki alumini hata ikiwa imetoka kiwandani leo. Hapo muuzaji kasema kweli, au walau hajasema uongo. Ukitaka kujua kama liligongwa, tazama boliti zinazoshika boneti na mabawa ya mbele kama zina alama za spana, tazama nafasi kati ya mlango na mlango kama ni sawa kulia na kushoto, inua zulia la buti uangalie bati kama lina mikunjo. Kisha kutu: kingo za juu ya magurudumu ya nyuma, na kizingiti chini pale milango miwili inapokutana. Pita na vidole kwa ndani, usitegemee macho.

Matairi ya nyuma yaliyolika ndani ni ama pembe za magurudumu hazijapangwa, ama bushi zimelegea, ama yote mawili. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo hayo ndiyo yanayofanya kazi kubwa na ndiyo yalipaswa kuwa mapya. Aliyeweka mapya mbele akaacha ya nyuma vile alikuwa anabana matumizi. Si jambo la kuvunja biashara, ni la kupunguza bei. Vivyo hivyo boljointi za mbele, hukauka na kulia kama kitanda cha zamani ukipita kwenye tuta. Pedali ya klachi ikilia au ikiyumba kwa pembeni, mwambie fundi aangalie kitako chake, kwa kuwa kwenye magari haya hupasuka. Na likinyanyuliwa, anyanyue kwa uangalifu: shafti ndefu inayokwenda nyuma ni ya nyuzi za kaboni, haipendi kugongwa na jeki.

Klachi yenyewe ipime hivi: gia ya tano, mwendo wa pole, kanyaga mafuta mpaka chini. Mshale wa mizunguko ukiruka na gari halijaongeza mwendo, klachi imekwisha.

Tuseme sasa yote yamepita na tarakimu sita ni nzuri. Bado nina swali kwako, mpwa wangu, na hili halimhusu muuzaji. Unaishi vipi na gari? Kama safari zako nyingi ni za dakika tano kwenda kazini na kurudi, RX-8 itakuchukia. Inataka ipate moto kila inapowashwa. Usiiwashe ukaisogeza mita tano kutoka kivulini kisha ukaizima. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kulowesha plagi na kukwama langoni na sare zako za kazi. Na usidanganyike na cc 1,308 ukadhani inakunywa kama gari dogo. Hesabu ya kiwandani ilikuwa karibu lita 11 kwa kila kilomita 100, na hiyo ni kwa mguu wa mtu mpole. Wewe umesubiri tangu usichana. Sidhani kama mguu wako utakuwa mpole.

Na kama tarakimu zikiwa mbaya lakini moyo haubanduki? Linanunulika, ila kwa bei ya gari lisilo na injini. Fanya hesabu ya kufumua na kuunda upya injini kwa mtu anayezijua rota, itoe kwenye bei, kisha utoe nyingine kwa ajili ya yale utakayoyakuta baada ya kufumua. Akikubali, sawa, unajua ulichonunua. Asipokubali, huyo mtu mwingine anayelitaka Jumamosi na alichukue.

Niandikie ukipata zile sita. Ziandike zote, pamoja na ile inayokuaibisha. Na habari ya mkanda wa taimingi usimwambie mumeo bado. Msubiri mpaka awe na maji mdomoni.

Mjomba wako